Kusomesha watoto nyumbani ukiwa Massachusetts: usimtoe mtoto shule kabla barua ya idhini haijafika

Nitasema jambo moja na nitalirudia mpaka mnichoke. Katika jimbo la Massachusetts hakuna kumtoa mtoto shule ya serikali, kuanza kumfundisha nyumbani, kisha ndiyo ukaomba ruhusa. Ruhusa inatangulia. Unaomba, unasubiri, unaandikiwa barua, ndipo mtoto anaacha kwenda shule. Siku zote za kusubiri anaendelea kupanda lile basi la njano, hata kama analia kila asubuhi, hata kama umeshanunua vitabu, ubao na dawati dogo la kukunja.

Naandika kwa wenzangu wa Lowell, Worcester, Lynn, Waltham, Springfield na kwingineko ndani ya jimbo hili. Ninyi wa Texas someni tu kwa kujiburudisha, ila nawaomba, msiwashauri ndugu zenu wa huku. Nina sababu.

Binamu yangu yuko Houston na anawasomesha wanawe watatu mezani jikoni. Nilipomwambia tunafikiria kufanya hivyo, alinitumia sauti ndefu ya WhatsApp: "Dada, mtoe tu, hakuna wa kukuuliza." Na kwa Texas hakusema uongo. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya jimbo hilo, katika kesi ya Leeper iliyoanza dhidi ya wilaya ya shule ya Arlington, ilikubali kuwa nyumba inayosomesha watoto wake ihesabiwe kama shule binafsi. Mzazi hajiandikishi popote na haombi kibali. Anatakiwa awe na mtaala wa kweli wenye kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi. Huku kwetu, sentensi hiyohiyo ya binamu inakuletea mgeni mlangoni mwenye kitambulisho kifuani.

Sisi tumekulia kwenye nchi ambayo waraka ukitoka wizarani unafanya kazi Kagera kama unavyofanya Mtwara. Kwa hiyo ndugu akisema "Marekani inaruhusiwa", tunadhani amemaliza. Hajamaliza. Tangu mwaka 1993 kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo lina masharti yake. Nenda New Hampshire, mwendo wa nusu saa tu kutoka Lowell, pale unatoa taarifa, huombi ruhusa. Vuka mpaka urudi huku, unaomba. Ukisikia ushauri wowote kuhusu jambo hili, swali la kwanza liwe: wewe uko jimbo gani?

Mtego uko mezani kwa karani

Kwanza niseme kwa nini tuliamua, maana wengine wataniuliza. Mwanetu amezaliwa hapahapa, Kiingereza chake kina lafudhi ya Boston kuliko cha mwalimu wake. Ila siku ya kumwandikisha tulijaza ile dodoso ya lugha ya nyumbani, tukaandika Kiswahili, maana ndiyo kweli. Kutoka hapo akawekwa kundi la wanaojifunza Kiingereza, na kila mwaka anafanya mtihani wa ACCESS kuona kama ameiva. Alikuwa anatolewa kwenye somo la sayansi analolipenda ili akafundishwe maneno anayoyajua tangu akiwa na miaka mitatu. Sisemi mdanganye kwenye dodoso. Lugha yetu haina aibu. Ila andikeni Kiswahili, kisha siku hiyohiyo muombe kikao na mwalimu mumweleze mtoto anazungumza nini na nani.

Tukaenda shuleni kusema tunataka kumsomesha wenyewe. Karani, mama mmoja mchangamfu, akatupa fomu ya kumwondoa mwanafunzi. Tukajaza jina, darasa, tarehe ya mwisho, na kwenye sababu tukaandika kwamba atasomeshwa nyumbani. Akachukua kompyuta ya shule, akahakikisha hatudaiwi kitabu cha maktaba, akatutakia heri. Hakuna aliyetamka kwamba kuna karatasi nyingine, inayokwenda jengo jingine, kwa mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo mtego ulipo, na nataka muuone vizuri. Ile fomu ya karani ni ya watu wanaohama. Kazi yake ni kufunga hesabu na shule moja. Haiombi chochote, na mwenye mamlaka ya kuidhinisha masomo ya nyumbani haioni. Kwetu mtoto akihama unapewa barua ya uhamisho, unaibeba mwenyewe kwenye bahasha mpaka shule mpya, na shule ya zamani haikufuatilii tena. Huku shule mpya ndiyo inayoiandikia ya zamani kuomba rekodi za mtoto. Kama hakuna shule iliyoomba, mfumo unamwona mtoto amepotea njiani: ametoka hapa, hajafika kule. Wakati ninyi mko jikoni mnakokotoa sehemu, kwenye kompyuta ya wilaya anaandikwa hayupo, hayupo, hayupo.

Simu za mashine zikaanza, zile zinazosema mwanao leo hakufika shule. Tulipopiga kuuliza tukaambiwa mfumo haujajisahihisha, tusijali. Kisha ikaja barua ya utoro. Kisha akaja mgeni.

Nyumbani Tanzania mtoto akiwa mtoro anayekuita ni mtendaji wa kata, unakwenda unajieleza, labda unapigwa faini. Huku kuna njia mbili na zote zinapita sehemu nzito. Mtoto anayekosa shule kwa makusudi zaidi ya siku 8 katika robo moja ya mwaka wa masomo anahesabika mtoro sugu, na wilaya inaweza kulipeleka jina lake mahakama ya watoto. Njia ya pili ni ripoti inayoitwa 51A, inayokwenda DCF, yaani idara ya jimbo ya watoto na familia, kwamba mzazi anamtelekeza mtoto kielimu. Walimu, madaktari na wauguzi wanabanwa na sheria kupeleka ripoti hiyo wakiwa na shaka. Na ninyi wenzangu mnaofanya kazi ya unesi, kumbukeni na ninyi mmo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mwalimu aliyeripoti si lazima awe na chuki nawe. Asiporipoti ni yeye atakayeulizwa.

Narudia. Fomu ya kumwondoa mtoto si idhini. Tabasamu la karani si idhini. "Sawa, hakuna shida" ya mwalimu mkuu kwenye simu si idhini. Barua pepe uliyotuma na haijajibiwa si idhini. Idhini ni barua inayotoka kwa msimamizi wa shule za wilaya au kamati ya shule, yenye jina la mtoto na mwaka wa masomo.

Sheria inasemaje hasa

Sheria ya mahudhurio ya jimbo, sura ya 76 kifungu cha 1, inasema mtoto wa umri wa shule lazima aende shule, isipokuwa kama anafundishwa kwa namna nyingine iliyoidhinishwa *mapema* na msimamizi au kamati. Neno hilo "mapema" ndilo lililotuchapa. Umri wenyewe ni kuanzia miaka 6 hadi 16, na wa kwanza unahesabiwa mwezi Septemba wa mwaka ambao mtoto anatimiza 6. Ambaye hajafikia Septemba hiyo msomeshe unavyotaka.

Mwaka 1987 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kesi inayojulikana kwa jina la Charles, na hiyo ndiyo kila wilaya inaifuata mpaka leo. Mahakama ilisema wazi kwamba idhini ipatikane kabla mtoto hajaondolewa shule ya serikali na kabla masomo ya nyumbani hayajaanza. Lakini kesi hiyohiyo inatulinda pia, na hapa watu wengi hawafiki kusoma. Msimamizi anaruhusiwa kuangalia mambo machache: masomo utakayofundisha na saa zake, uwezo wa anayefundisha, vitabu na vifaa, na namna ya kupima maendeleo. Hawezi kukudai cheti cha ualimu. Hawezi kukukataa kwa sababu tu huna digrii. Akikataa mpango wako anatakiwa aseme kasoro ni zipi, nawe upewe nafasi ya kuurekebisha. Na mwaka 1998, katika kesi ya Brunelle dhidi ya mji wa Lynn, mahakama hiyo ilisema wilaya haiwezi kulazimisha kuja kukukagua nyumbani kama sharti la kukupa idhini.

Nasisitiza hili la cheti kwa sababu namjua zaidi ya mmoja aliyeacha kabisa kuomba akidhani mbeba boksi, yaani mtu wa kazi za mikono ughaibuni, hafai kuandika jina lake mahali pa "mwalimu". Unafaa. Dada yangu, kama umemaliza kidato cha nne Tanzania ukapita kwenye hesabu zile za kukata kwa kalamu bila kikokotoo, darasa la tatu la huku halikushindi. Andika elimu yako kama ilivyo, andika kazi yako, andika lugha unazozijua.

Namna ya kuandika mpango

Barua iende kwa msimamizi wa wilaya. Mfikirie kama Afisa Elimu wa Wilaya, ila huyu ana kamati iliyochaguliwa na wananchi juu yake. Ofisi yake haiko shuleni kwa mtoto, iko kwenye jengo la utawala. Wilaya nyingi zina fomu yao kwenye tovuti, nyingine zinapokea barua ya kawaida.

Kwenye masomo, taja yale yaliyomo kwenye sheria ya jimbo usiache hata moja: kusoma, kuandika, tahajia, lugha ya Kiingereza na sarufi yake, jiografia, hesabu, uchoraji, muziki, historia na katiba ya Marekani, uraia, afya, mazoezi ya mwili na tabia njema. Ndiyo, tabia njema imeandikwa kwenye sheria. Nilicheka nilipoiona, maana hilo ndilo somo pekee ambalo kila mama wa kwetu analifundisha kuanzia alfajiri bila mtaala. Chini ya kila somo andika mstari mmoja au miwili na kitabu utakachotumia. Kiswahili kiongeze mwishoni kama lugha ya ziada, hakuna anayekataa.

Saa: shule za msingi za huku zinakwenda saa 900 kwa mwaka, sekondari 990, kwa siku 180. Andika kwamba mtafikia kiwango hicho. Haisemwi popote kwamba saa hizo ziwe kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana, na hii ndiyo nafuu ya watu wa zamu kama sisi. Jumamosi inahesabika. Jioni inahesabika.

Kupima: chagua mwenyewe na upendekeze kabla hujachaguliwa. Kuna mtihani sanifu, kuna ripoti ya maendeleo unayoandika wewe, kuna jalada la kazi za mtoto. Mimi nilichagua jalada na ripoti, mara mbili kwa mwaka. Usiahidi makubwa. Ulichoandika ndicho utakachodaiwa mwezi Juni, na nimeona mpango wa mtu aliyejibebesha ripoti ya kila mwezi ya masomo kumi na tatu kwa sababu alitaka kumfurahisha afisa.

Anayefundisha: hapa wengi wanaandika "bibi". Bibi amekuja kwa viza ya matembezi, kwa kawaida anapewa miezi sita, na mwaka wa masomo ni mrefu kuliko huo. Halafu bibi mwenyewe hajaulizwa. Acheni jamani. Bibi amekuja kuwaona wajukuu na kula ugali wa mwanawe, msimpe ualimu wa katiba ya Marekani. Andika baba na mama, na muwe kweli ninyi. Kama unatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi ukalala mpaka saa saba, jiulize nani yuko macho na mtoto saa hizo. Ukiulizwa swali hilo nawe huna jibu, hata mpango wenye masomo yote hautakusaidia.

Kupeleka: fanya kama unavyopeleka barua ofisi yoyote ya serikali nyumbani, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama huwezi kwenda, tuma kwa rejista ya posta yenye kadi ya kurudishwa ikiwa na sahihi, na barua pepe juu yake. Wakikupigia simu kukujibu, waombe waandike.

Kisha subiri. Na mtoto aende shule. Ndiyo, nimeshasema. Ukipata barua ndipo urudi kwa karani ukajaze ile fomu yake, na uambatanishe nakala ya barua ya idhini, na muombe aithibitishe kwa maandishi kwamba rekodi imebadilishwa.

Wakija kugonga

Kama umeshachelewa na ripoti imeshaandikwa, nisikilize bila kupaniki. Kwanza usihame jimbo usiku. Nimesikia ushauri huo kanisani, kwa masikio yangu, kutoka kwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Ukiondoka, kesi ya kukosa karatasi inageuka kesi ya mtu aliyekimbia na watoto.

Pili, usimfokee aliyetumwa. Aliyekuja kwetu alikuwa na adabu na alikuwa na orodha ya maswali. Muulize jina, chukua kadi yake, muulize ripoti inasema nini. Kama Kiingereza cha kisheria kinakupa shida, omba mkalimani, ni haki yako, na usimtumie mtoto kutafsiri mambo yanayomhusu yeye mwenyewe. Unaweza kusema unataka kuzungumza na wakili kwanza. Kesi isiyo ya dharura wana siku 15 za kazi kuichunguza na kutoa uamuzi. Katika siku hizo wewe fanya mambo mawili: peleka mpango wako kwa msimamizi leo, si kesho, na mrudishe mtoto shule mpaka ujibiwe. Sisi tulifanya hivyo, na kwa mwanangu kurudi kwenye dawati lile ilikuwa adhabu kubwa kuliko yetu. Suala letu lilifungwa bila kukutwa na hatia, na idhini tukapewa.

Kwa nini nalikuza? Kwa sababu wengi wetu tunaishi kwa kazi za kulea na kuuguza. Dada zetu wengi wana leseni ya kulea watoto wa watu majumbani mwao, na leseni ile wanaangalia rekodi za DCF. Uamuzi ukikuangukia vibaya unakufuata kwenye mkate wako. Ukiona barua ya uamuzi hukubaliani nayo, una siku 30 za kuomba usikilizwe upya. Usiiweke barua juu ya friji pamoja na matangazo ya pizza.

Mtego wa pili, mdogo lakini unauma

Idhini ni ya wilaya iliyoitoa. Ukihama nyumba kutoka Lowell kwenda Dracut kufuata kodi nafuu, umehama wilaya, na barua yako imebaki Lowell. Unaomba upya kwa msimamizi mpya, na unaomba kabla ya kuhama ikiwezekana. Sisi tunahama sana. Mkataba wa mwaka ukiisha na mwenye nyumba akiongeza, tunafungasha. Kila ukihesabu gharama za kuhama, weka na karatasi hii.

Na wale wanaofikiria kukusanya watoto wa majirani sebuleni, familia nne tano za Waswahili, mama mmoja awafundishe wote na wengine wachange: ile si tuisheni ya mtaani Sinza. Kila mzazi anahitaji idhini yake kwa mtoto wake, na mkianza kuendesha kama shule, shule binafsi nazo huku zinaidhinishwa na kamati ya mji. Kukutana mara moja kwa wiki watoto wacheze na kusoma pamoja ni jambo jingine, na ni zuri.

Watu wa huku na karatasi zao

Nimejiuliza sana kwa nini jimbo linalojisifu kwa uhuru, ambako kila mji una sanamu ya mtu aliyepigana na Mwingereza, linataka kuidhinisha meza yangu ya jikoni. Jibu liko kwenye historia yao. Hawa ni watu ambao mwaka 1647, wakiwa bado koloni changa la msituni, walitunga sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu. Waliogopa Shetani atawateka wasiojua kusoma Biblia. Mwaka 1852 wakawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha watoto kwenda shule. Kwa hiyo mtu wa Massachusetts akisikia mtoto hayuko darasani, ndani yake kuna kitu kinachoshtuka, na hakitokani na rangi yako peke yake. Sisemi rangi haimo. Mzungu wa kitongoji chenye bustani akisema anawasomesha watoto nyumbani, watu wanamuuliza anatumia mtaala gani. Mimi nikisema, ninaulizwa kama najua ni lazima mtoto aende shule. Nimezoea. Najibu kwa barua, naitoa kwenye mkoba.

Kitu kingine: huku neno la mtu halina uzito mpaka liandikwe. Nyumbani mwalimu mkuu akikuambia "nimekuelewa mama, nenda tu", umemaliza, na akisahau utamkumbusha kwa salamu za wazazi. Huku aliyekuambia hivyo anaweza kuwa mwema kabisa, kesho amehamishwa dawati na hakuna anayejua ulichoambiwa. Nafikiri wamepoteza kitu hapo. Ila siku ile mgeni alipokaa kwenye kochi langu, kilichonisaidia ni karatasi zenye tarehe.

Ndugu wa nyumbani

Shangazi ataambiwa na mtu kwamba mtoto "ameachishwa shule Marekani" na simu zitaanza. Atauliza kama mmeshindwa ada. Mwelezeni kwamba shule ya serikali huku ni bure. Mjomba atauliza kama ni QT, kwamba mtoto amefeli sasa anajiandaa kufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Si QT. Wapeni picha za mtoto akisoma, waambieni tarehe ya mtihani hata kama hakuna mtihani, watatulia. Msigombane nao. Wanatupenda, na walitusomesha kwa kuuza ng'ombe, kwa hiyo mtoto asiye na sare kwao ni msiba.

Lakini wana hoja moja ambayo msiidharau, nayo ni cheti. Mtoto aliyesomea nyumbani hapewi cheti cha kuhitimu na wilaya. Kwa maisha ya huku kuna njia: anaweza kufanya mtihani wa HiSET au GED, ile inayochukua nafasi ya cheti cha sekondari, na vyuo vingi vinapokea waliosomea nyumbani kwa kuangalia kumbukumbu za masomo ulizotunza na mitihani aliyofanya. Kwa anayepanga kurudi, hesabu ni nyingine. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, inalinganisha vyeti vya nje, haiwezi kulinganisha jalada la michoro na ripoti ya mama. Kama moyoni mnajua mtarudi akiwa wa umri wa sekondari, mpangieni afanye mitihani ya IGCSE, ile ya kimataifa ya sekondari inayojulikana nyumbani, au mrudisheni shule ya kawaida kabla ya miaka hiyo. Amueni mapema, si wakati mnafunga makontena.

Yaliyobaki ni mepesi. Masomo ya hesabu ya Khan Academy ni bure. Kadi ya Maktaba ya Umma ya Boston anapewa mkazi yeyote wa jimbo, na maktaba za miji zinaazimisha pasi za makumbusho, ulizeni dirishani. Michezo watoto wapelekeni YMCA au timu za mji. Daftari moja la tarehe na kilichosomwa linatosha, mistari miwili kwa siku. Vitabu vya Kiswahili agizeni na anayekuja, Dar ni bei rahisi kuliko mtandaoni.

Maombi ya mwaka unaofuata myapeleke mwezi Juni pamoja na ripoti ya mwaka uliopita. Julai na Agosti ofisi zinakuwa na watu wachache, barua zinalala, na Septemba shule inafungua ikiwa jina la mtoto bado liko kwenye orodha ya darasa. Mkifika Septemba bila barua mpya, pigieni ofisi ya msimamizi wiki ya kwanza, na mtoto aende shule mpaka wajibu.